Gunia moja kwa mwezi: kupunguza plastiki na taka katika nyumba ya Lamu

Karibu kila kitu kilicho nyumbani kwako Lamu kilipanda chombo. Mchele ulipanda, sabuni ilipanda, na hiyo chupa ya maji iliyo juu ya meza ilivuka kutoka Mokowe, bara, ikashushwa gatini pamoja na saruji na viazi. Maji yakiisha, hakuna wa kuilipia chupa nauli ya kurudi. Vichochoro vyetu havipitishi lori. Taka hubebwa na punda au mkokoteni hadi jaani, na ile isiyobebwa huteremka na maji ya mvua hadi pwani.

Kwa hivyo mwongozo huu unaanzia mlangoni. Watu wengi huanza na mwisho, wakauliza chupa zinauzwa wapi na nani ananunua plastiki kwa kilo. Nitafika huko, lakini nyuma kabisa, kwa sababu kitu ambacho hakikuingia ndani hakina haja ya kutafutiwa pa kwenda.

Niliyoandika hapa nimeyafanya katika nyumba ya watu 7, mtaa wa Langoni, yenye paa la wazi na isiyo na bustani hata ya kupanda mchicha. Aliye kijijini Matondoni au Shela mwenye ua mkubwa atapata wepesi zaidi.

Hatua ya 1: Weka taka za wiki nzima, kisha uzimwage

Tafuta gunia moja. Kwa siku 7, kila kitu kikavu kinachotupwa kiende humo: pakiti, chupa, vifuniko, karatasi, betri. Taka mbichi za jikoni zitoe kila siku kama kawaida, zitanuka. Waambie watu wa nyumba, wasije wakakusaidia kwa kwenda kulitupa gunia siku ya nne.

Siku ya nane panda darini asubuhi kabla jua halijawa kali, tandika mkeka mkuukuu, mwaga, tenga mafungu. Mimi niliamini tatizo letu ni chupa za maji. Chupa zilikuwa 11. Vijipakiti vilikuwa zaidi ya 90: sabuni ya unga, majani ya chai, bizari, dawa ya meno, achari, mabuyu, na vile virija vya barafu wanavyonunua watoto wakitoka madrasa. Fungu la pili kwa ukubwa lilikuwa nailoni nyepesi za dukani. La tatu, pampasi za mdogo wetu, ambazo kwa uzito zilishinda mafungu yote mawili.

Andika hesabu yako mahali, kwani bila hiyo utapigana na adui asiyekuwepo. Kuna nyumba ambayo shida yake ni soda, na nyingine ni chakula cha kununua. Anza na fungu lako kubwa.

Hatua ya 2: Nenda dukani na vyombo

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nilipopunguza zaidi kuliko hatua zote nyingine zikijumlishwa.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea ilianza Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na adhabu yake si ya mchezo: faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Mifuko yenye mikono ikatoweka. Lakini ufungaji wa kiwandani haukuguswa, na ndio maana pakiti ndogo ziko vilevile, na nailoni nyembamba ya kupimia sukari bado hujitokeza kutoka chini ya meza.

Bibi zetu walinunua kwa kibaba na pishi, pishi moja ni vibaba vinne, na chombo alitoka nacho mnunuzi nyumbani. Wewe fanya hivyohivyo. Vifaa ni hivi: ndoo ndogo mbili zenye vifuniko kwa mchele na unga, makopo matatu manne kwa sukari, pojo, mbaazi na majani ya chai, chupa moja ya kioo yenye kizibo kwa mafuta, na kikapu cha kubebea vyote. Usiende kununua vyombo vipya vya kupendeza. Makopo ya maziwa ya unga yanatosha, na ndoo za samli za kilo 2 zimejaa kila nyumba.

Mara ya kwanza utachekwa. Mimi nilimkuta mzee wa dukani amekaa juu ya gunia lake la maharagwe.

"Salaam aleikum, ami."

"Waleikum salaam. Na ndoo leo? Waenda kisimani?"

"Nataka mchele kilo mbili, nitilie humu."

"Nikikutilia humu nitajuaje uzito?"

"Ipime tupu kwanza, ami."

Aliipima. Akatoa kalamu sikioni akaandika ubavuni mwa ndoo: gramu 410. Maandishi yake yako pale mpaka leo, na haipimi tena. Akitia kilo 2 za mchele mzani lazima usome kilo 2 na gramu 410, basi. Mzani wa umeme una kitufe cha kurudisha sufuri, hapo hata hesabu haihitajiki. Fanya hivyo kwa kila chombo, kwa kalamu ya wino usiofutika, na ugomvi wa kupunjana hautakuwepo.

Mafuta ya kupikia yana sharti moja: chupa iwe kavu kabisa. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, igeuze juani nusu siku. Tone la maji likibaki ndani mafuta huharibika upesi, na utasema mwenye duka amekuuzia mabovu.

Sasa vile vijipakiti. Sitamlaumu mtu anayenunua sabuni ya shilingi kumi. Ananunua ya kumi kwa sababu leo ana kumi. Lakini chukua pakiti ndogo na kubwa, gawanya bei kwa gramu, uone mwenyewe nani analipa zaidi. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni ya majirani. Sisi ni wanawake wanne, ukuta kwa ukuta, tunachanga kila mwisho wa mwezi na kununua gunia moja la sabuni ya unga na moja la sukari, tunagawana kwa kibaba barazani. Gunia likiisha hushonwa au hutiwa makaa.

Sokoni ni rahisi kuliko dukani. Samaki achukuliwe kwa kikapu au pakacha. Pakacha husukwa kwa kuti bichi kwa dakika chache na ikichoka hutupwa bila kumdhuru mtu. Nyama iende na sufuria yenye mfuniko. Gazeti lisiguse nyama wala viazi karai vya moto, wino wake hutoka. Kwa mahamri ya asubuhi beba sinia na kawa; hata yakichelewa kuliwa hayatoki jasho kama yaliyofungwa kwenye nailoni.

Kikapu cha miyaa kinahitaji kutunzwa. Kikinuka samaki kioshe kwa maji ya chumvi, kining'inize juu chini kwenye upepo. Wakati wa kusi, unyevu ukizidi, usikifungie stoo, kitaota ukungu ndani ya wiki. Na mkono ukianza kukatika mrudishie msusi akaushone.

Hatua ya 3: Maji ya kunywa

Maji matamu ya mji huu hutoka visima vya Shela, chini ya vilima vya mchanga, ambako mvua huchuja taratibu na kuelea juu ya maji ya chumvi. Ya bomba yanaweza kunywewa yakishachemshwa. Yatokote kwa nguvu walau dakika moja, uyaache yapoe ndani ya sufuria ileile iliyofunikwa, kisha yapite kitambaa safi kuingia mtungini. Ya kisima cha ndani ya nyumba, huku mjini ambako vyoo na visima vimebanana, yaachie kuoshea sakafu. Kuchemsha hakuondoi chumvi.

Mtungi wa udongo hupoza kwa sababu maji hupenya taratibu kwenye vitundu vyake na kukauka nje, yakaondoka na joto. Kwa hivyo usiuweke kabatini wala usiupake rangi. Uweke juu ya kigoda penye dirisha linalopokea upepo, kata ya kifuu juu yake, kifuniko cha mbao. Mtungi mpya ujaze maji, mwaga, rudia kwa siku tatu mpaka ladha ya udongo iishe.

Na usiuoshe kwa sabuni. Nilifanya hivyo kwa usafi wangu mwingi, na kwa siku 9 nyumba nzima ilikunywa maji yenye ladha ya sabuni ya kufulia, mpaka mume wangu akarudi kununua chupa kimya kimya na kuzificha chini ya kitanda. Tumia kumbi la nazi na maji ya moto tu, kila baada ya siku nne tano.

Ukitoka, beba chupa ya chuma au hata ya plastiki ngumu uliyo nayo tayari. Kwa watoto wa shule, ifunge uzi wenye jina.

Hatua ya 4: Taka mbichi za jikoni

Jikoni kwetu Waswahili hakuna uhaba wa taka mbichi. Nazi mbili kwa siku zinaacha makumbi, vifuu na machicha, kabla hata hujamenya kiazi. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza tangu nyumbani. Uzuri wa kutenga ni kwamba fungu la zinazooza halihitaji kutoka nyumbani kabisa.

Vifuu ni kuni na kata. Makumbi husugulia sufuria, na yaliyobaki huwashia jiko. Machicha wape kuku, wako au wa jirani. Maganda ya ndizi, ya maembe na ya tikiti mpe mwenye punda, lakini yakiwa mabichi, siku hiyohiyo, na mkononi mwake. Usiyaache kichochoroni ndani ya mfuko. Punda wa mji huu wanakula wanachokikuta, na nailoni yenye harufu ya embe ni embe kwake. Haimeng'enyeki, inajiviringa tumboni na kuziba matumbo. Lamu ina kituo cha tiba ya punda tangu 1987, muulize yeyote anayepeleka mnyama wake pale.

Yaliyobaki yatie kwenye ndoo ya mbolea. Chukua ndoo ya rangi ya lita 20, itoboe kwa msumari wa moto pembeni na chini, matundu kama 20, iweke juu ya sinia la zamani darini penye kivuli. Chini tandaza makumbi yaliyochambuliwa. Kila ukitia konzi moja ya taka mbichi, funika kwa konzi mbili za vitu vikavu: majani makavu, makumbi, karatasi isiyong'aa, au mavi ya punda yaliyokauka, ambayo kwetu hayanunuliwi. Ikiwa kavu sana inyunyizie maji. Ikiwa na harufu ya kuchacha umezidisha mbichi, ongeza vikavu na jivu kidogo. Shika mkononi: iwe kama kumbi lililokamuliwa, unyevu bila kutiririka. Igeuze kila wiki, na baada ya miezi mitatu hivi utapata udongo mweusi wa kupandia mrehani, pilipili na asumini.

Vichwa vya samaki visiingie. Nilitia vya tafi watatu, nikidhani nimefunika vizuri. Usiku wa saa nane paka wote wa Langoni walikuwa darini kwangu, ndoo imepinduka, na asubuhi jirani wa chini akaniita kwa jina langu kamili, akaniletea kichwa kimoja kilichodondokea kwenye uwanda wake. Vichwa na matumbo ya samaki wape hao paka mchana, mlangoni.

Hatua ya 5: Mtoto

Pampasi 5 kwa siku ni 150 kwa mwezi. Ndani yake mna plastiki na unga unaovuta maji, kwa hivyo haiozi, haichomeki vizuri, na hakuna anayeinunua kwa kilo. Hii ndiyo taka ngumu kuliko zote katika nyumba yenye mtoto.

Winda, yaani nepi za kitambaa, bado zipo. Nunua bafta au pamba laini, kata vipande 24 vya mraba vya upana wa mkono mmoja, pinda kingo. Kunja pembe tatu, ongeza kipande kingine kilichokunjwa, kwa mtoto wa kiume mbele na kwa wa kike katikati zaidi, funga, kisha chupi ya mpira juu. Kinyesi kikung'utwe chooni kwanza. Loweka kwenye ndoo yenye kifuniko, fua kwa sabuni ya mche, chemsha mara moja kwa wiki, anika jua kali. Jua la Lamu linaondoa madoa kuliko dawa yoyote ya dukani.

Ubaya wake ni maji na mikono. Siku bomba halitoki, winda ni adhabu. Mimi hutumia winda mchana na pampasi moja usiku, na moja nyingine tukisafiri. Kutoka 150 nilishuka mpaka 35 hivi kwa mwezi, na mgongo wangu bado uko sawa. Anayekwambia lazima iwe sufuri hajafua winda za mtoto mwenye tumbo la kuendesha wakati wa kusi.

Hatua ya 6: Kusugua na kuoga

Hii ni fupi. Acha sponji za plastiki, tumia dodoki. Panda mbegu mbili kwenye ndoo penye kamba ya kutambalia, acha tunda likauke juu ya mti mpaka liwe la kahawia na jepesi, limenye, kung'uta mbegu, anika. Dodoki moja hukatwa mara tatu, na likichakaa huingia kwenye ndoo ya mbolea. Sabuni iwe ya kipande badala ya chupa. Fagio la chelewa unalo tayari.

Hatua ya 7: Harusi, Maulidi na futari

Nyumba inaweza kubana mwezi mzima, kisha harusi moja ya siku tatu ikaleta sahani za kutupa 600. Ukiwa na sauti katika kupanga shughuli, sema mapema, kabla mtu hajatumwa Mombasa kununua. Biriani iliwe kwenye sinia, watu watano watano, kama ilivyokuwa daima wakati wa Maulidi ya Mfunguo Sita. Sinia haitupwi, na watu watano huacha chombo kimoja cha kuosha. Maji yawekwe kwenye mitungi mikubwa yenye bomba, bilauri za bati ziazimwe kwa majirani. Weka alama ya uzi au rangi chini ya kila chombo cha kuazima, hili nimelijua kwa kupoteza sinia mbili.

Kwa mpangilio tazama muuza kahawa. Dele moja, makaa chini yake, vikombe vinane vya kauri, ndoo ya maji. Vikombe vinagongana mkononi, unakunywa wima, unarudisha, anasuuza, anampa mwingine. Jioni nzima mamia ya watu wamekunywa na pale aliposimama hakuna hata karatasi. Mfumo wake ukimudu kichochoro, unamudu pia ukumbi wa bibi harusi.

Watoto na barafu zao: juisi ya ukwaju itiwe kwenye vikombe vidogo vya bati, kijiti cha kuti katikati, kwenye friza. Mabuyu pika kilo nzima nyumbani, weka kwenye chupa ya kioo. Bado watanunua madrasa, lakini mara mbili kwa wiki badala ya kumi.

Hatua ya 8: Yaliyobaki

Sasa ndio tuje kwenye kuuza na kutoa. Usichome. Moshi wa plastiki ni sumu, na katika nyumba zilizobanana kama zetu unaingia moja kwa moja dirishani kwa mtu aliyelala na pumu.

Tenga mafungu matatu. La kwanza, plastiki ngumu: madumu, ndoo zilizopasuka, vifuniko, chupa za mafuta na sabuni. Tazama chini ya chombo, penye pembe tatu ya mishale kuna namba. 2 na 5 ndizo hizi. La pili, chupa za maji na soda, namba 1. La tatu, chuma na bati, ambalo halikai, mnunuzi wa vyuma chakavu hupita mwenyewe. Suuza kwa maji uliyooshea vyombo, kausha, vua karatasi. Yenye uchafu wa mchuzi huchafua gunia zima na kukataliwa.

Hapa Lamu mradi wa Flipflopi una mahali pa kupokea na kuchakata plastiki ngumu. Hao ndio waliounda lile jahazi la mita 9 kwa plastiki iliyokusanywa, tani 10 hivi, chini ya fundi Ali Skanda, likavikwa ndara zipatazo 30,000 za rangi zote. Liliteremshwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar, kilomita 500. Mafundi walipasua, wakachonga na kupiga misumari plastiki kama wanavyofanya mbao. Fikiria hilo ukiwa unatupa dumu.

Nailoni nyembamba na vijipakiti hakuna anayevitaka. Vijaze ndani ya chupa moja ya lita 5, uvikandamize kwa kijiti. Angalau havitapeperuka na kaskazi hadi mikokoni, na utaona kwa macho ni vingapi bado vinapita mlangoni kwako. Betri na balbu zikae kwenye kopo lao, mbali na watoto.

Baada ya mwezi rudia hatua ya kwanza: gunia lilelile, mkeka uleule. Letu lilikuwa likijaa kwa siku 6. Sasa huchukua wiki nne na siku kadhaa, isipokuwa wageni wa Mombasa wakija, hapo ni siku tatu, na mume wangu ndiye anayejifanya hajui chupa zimetoka wapi.